UNIVERSITE NI YA SERIKALI, LAKINI NANI ANAILIPA?



Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Leta yakitoka, ninyi mnaona yanayotokea katika miji yetu, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Kipushi. Kijana aliyefaulu anamwagiwa pudre nyeupe kichwani. Mama anapiga vigelegele. Majirani wanakuja, baba anatuma mtoto kuleta bia. Ni furaha ya haki, kwa maana miaka ya masomo si mchezo.

Lakini siku mbili zikipita, furaha inakwisha. Baba anakaa mbele ya nyumba na kipande cha karatasi na kalamu, anaanza kuhesabu. Mshahara ni huu. Bunga ni hii. Makala ni haya. Nyumba ni hii. Wadogo watano wanabaki nyuma. Anahesabu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na hesabu inakataa. Kisha anamwita kijana, anamwambia kwa sauti ndogo: «Mwanangu, ngoja mwaka huu.» Na sisi sote tunajua kwamba mwaka huu maana yake ni maisha yote.

Sisi tunaoandika maneno haya ni makarani wa migodi. Kazi yetu ni kuhesabu. Asubuhi tunaandika tani zilizotoka, mangaribi tunaandika siku za kazi za watu. Tulifundishwa kwa mapadri, tukapata diploma ya Leta. Wengine kati yetu tuliingia universite, tukakaa mwaka mmoja au miwili, tukatoka. Hatukutoka kwa kushindwa masomo. Tulitoka kwa sababu siku ya mtihani majina yetu hayakuwa katika orodha ya wale waliokwisha kulipa. Tulisimama nje ya dirisha, tukawaona wenzetu wakiandika. Kwa hiyo jambo hili hatukusimuliwa.

Leo tunataka kusema neno moja wazi: universite ambayo mzazi ndiye anailipa si universite ya Serikali, hata kama bendera ya Serikali inapepea juu yake. Na fedha ya kuilipa iko. Inapita mbele ya macho yetu kila siku juu ya malori.

TULITOKA WAPI

Wakati wa ukoloni Wabelgiji walifungua shule za msingi nyingi, shule za sekondari chache, na masomo ya juu karibu hakuna. Walifikiri kwamba mtu mweusi asipokuwa na kisomo kikubwa hataleta matata. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 tu, karibu na Léopoldville. Ile ya Elisabethville ilifunguliwa mwaka 1956, na wengi walioketi ndani yake mwanzoni walikuwa watoto wa Wazungu. Tarehe 30 Juni 1960 bendera yetu ilipopanda, Wakongo waliokuwa na diploma ya universite hawakufika 30 katika nchi hii kubwa yote. Lumumba mwenyewe alikuwa karani wa posta kule Stanleyville. Hakuna aliyemfungulia mlango wa universite.

Wazee wetu walipoomba uhuru, hawakuomba wimbo na bendera tu. Waliomba mlango huu ufunguliwe. Na kwa muda ulifunguliwa. Wazee waliosoma katika miaka ya 1960 na 1970 wanatusimulia: mwanafunzi alipewa bursi, alipewa kitanda, alikula katika restora ya universite, basi lilimchukua. Mtoto wa mfanya kazi wa chini ya ardhi aliketi karibu na mtoto wa mkubwa, na hakuna aliyeuliza baba yake anapata nini.

Tusiseme kwamba ilikuwa paradiso. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium walishuka mjini Kinshasa. Kati ya mambo waliyodai, moja lilikuwa bursi itoshe. Askari waliwajibu kwa risasi, vijana wakafa. Mwaka 1971 universite tatu za nchi zilifungwa pamoja katika moja, zikawa chini ya mkono wa Mobutu, mpaka mwaka 1981 zilipoachanishwa tena. Na usiku wa Mei 1990 katika kampasi ya Lubumbashi, kila mtu wa mji huu anaujua. Haya tunayakumbuka ili ijulikane kwamba haki ya kusoma katika nchi hii ilikwisha kulipwa kwa damu. Kwa nini basi watu wale wale waambiwe walipe mara ya pili kwa franka?

Bursi ilikufaje? Nchi iliingia katika madeni. Wenye kudai walisema Serikali ipunguze matumizi, na Serikali ilianza kupunguza kwa mtu asiye na nguvu. Tena wakati ule Gécamines, iliyokuwa ng'ombe wa maziwa wa nchi, ilianguka. Katika miaka ya kati ya 1980 ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufika 50,000. Ng'ombe alikufa, na mtoto wa shule alinyimwa maziwa. Hilo tunaweza kulielewa. Tusiloelewa ni hili: leo ng'ombe amefufuka, amenona kuliko zamani, na mtoto bado ananyimwa.

NAMNA MZAZI ANAVYOKAMULIWA

Tazameni jinsi kazi inavyokwenda katika universite za Serikali. Kwanza kuna minervali na ada ya mwaka. Bei inatajwa kwa dola, mshahara wako unatoka kwa franka, na franka ikianguka ni wewe unaanguka nayo. Ukimaliza kulipa, unasema asante Mungu. Bado! Kuna pesa ya enroleman, ambayo bila hiyo mtoto haandiki mtihani. Kuna silabusi, ambayo ni sharti anunue, na jina lake liandikwe kwamba amenunua. Kuna pesa ya staji. Kuna pesa ya kutetea kazi yake ya mwisho. Kuna karatasi hii, muhuri ule, sahihi ya bwana fulani. Mto mkubwa unajazwa na vijito vidogo. Na mara nyingi si mto unaomzamisha mtu maskini, ni vijito.

Pesa hii inakwenda wapi? Sehemu kubwa inakwenda kuongeza mshahara wa walimu na wafanya kazi wa universite, kwa sababu yale Serikali inayowalipa hayawatoshi kuishi. Hatuwatukani walimu. Mwaka 2022 waligoma, na walikuwa na haki. Profesa pia anakula bukari. Lakini angalieni ubaya wa mpango huu: mwalimu na mzazi, ambao wangepaswa kusimama pamoja, wamegeuzwa kuwa mdai na mdaiwa. Mwalimu anamtazama mwanafunzi kama mfuko, mwanafunzi anamtazama mwalimu kama mtoza kodi. Na mdaiwa wa kweli, yaani Serikali, amekaa pembeni, mikono mfukoni.

Wakati ada inapopanda ghafula, watu wanachoka. Januari 2020 wanafunzi wa Kinshasa walisimama kwa sababu ya ada kuongezwa. Palitokea vurugu, masomo yalisimamishwa, na waliokaa ndani ya kampasi waliamriwa kutoka. Hatusifu vurugu. Lakini tunauliza: mtu ukimfungia mlango na dirisha, unashangaa nini akipiga ukuta?

Na nani anaumia kwanza? Binti. Hesabu ya baba ikikataa, jina la kwanza kufutwa katika karatasi ni la msichana. «Wewe utaolewa.» Mara ngapi tumesikia neno hili katika nyumba zetu wenyewe! Baadaye tunalia kwamba hatuna mama daktari katika hospitali. Wa pili ni kijana anayekatisha mwaka wa pili, anachukua kinga yake na koleo, anakwenda kuchimba kwa mikono pamoja na wachimbaji wengine. Anasema atarudi shuleni akipata pesa. Wengine udongo umewafunika kabla ya kurudi.

HESABU YA KARANI

Sasa wakubwa wanatuambia: «Serikali haina pesa.» Haya, tufanye hesabu, kwa maana hii ndiyo kazi yetu.

Sheria ya madini ya mwaka 2018 inasema kila kampani itoe redevansi, maana yake sehemu ya bei ya mali iliyotolewa ardhini. Kwa shaba ni 3.5 kwa mia. Kwa kobalti ilipandishwa mwisho wa mwaka 2018 kufika 10 kwa mia. Sheria hiyo hiyo inaonyesha njia ya kugawa: 50 kwa mia ni ya Serikali ya Kinshasa, 25 kwa mia ni ya jimbo, 15 kwa mia ni ya mji au sekta ambamo mgodi unachimbwa, na 10 kwa mia ni ya mfuko wa vizazi vijavyo.

Chukua lori moja lenye tani 30 za shaba, linalokwenda Kasumbalesa. Bei ya shaba inapanda na kushuka. Tuweke dola 9,000 kwa tani, kwa mfano tu. Mzigo ule ni dola 270,000. Redevansi yake ni dola 9,450. Sehemu ya jimbo ni dola 2,362 na nusu. Sehemu ya mji au sekta ni dola 1,417 na nusu. Ziunganishe hizi mbili: dola 3,780. Hatutaki zote. Barabara nazo zinahitajiwa, maji pia, hospitali pia. Toa sehemu moja ya kumi tu: dola 378.

Ndugu, chukua karatasi ya ada ya mtoto wako, iweke karibu na hesabu hii, ulinganishe mwenyewe. Kisha siku nyingine ukikaa kando ya barabara kubwa na vumbi linakuingia machoni, usihesabu malori. Hesabu wanafunzi.

Mwaka 2023 nchi yetu ilitoa shaba zaidi ya tani milioni 2.5. Gawanya kwa 30, utapata mizigo zaidi ya 83,000. Zidisha kwa dola 378, utapata dola zaidi ya milioni 31 kwa mwaka mmoja. Na hapo hatujagusa kobalti, ambayo zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima inatoka kwetu. Hatujagusa ile nusu ya Kinshasa. Hatujagusa mfuko wa vizazi vijavyo. Na kizazi kijacho ni nani, kama si yule kijana mwenye diploma anayekaa nyumbani?

Tena hatuombi sadaka. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 58, inasema Wakongo wote wana haki ya kufaidi mali ya nchi, na Serikali ina wajibu wa kuigawa kwa haki. Imeandikwa. Sisi makarani tunajua maana ya neno lililoandikwa: ni deni.

MAJIBU KWA WENYE KUTUPINGA

Wa kwanza anasema: «Tuanze na shule ya msingi.» Vema. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya Serikali hailipiwi, na mamilioni ya watoto wameingia. Tunaisifu kazi hii. Lakini inatufundisha mambo mawili. La kwanza: Serikali ikitaka, inaweza. La pili: amri bila fedha ni nusu ya kazi. Watoto walijaa darasani kama mihogo gunia moja, na walimu wengi walifundisha pasipo kuona mshahara wa Serikali. Kwa hiyo hatusemi: «Futeni ada kesho asubuhi.» Tunasema: leteni fedha kwanza, kisha mshushe ada. Tena, hao watoto wa 2019 watakua. Watafika mlangoni mwa universite. Mlango utakuwaje siku hiyo?

Wa pili anasema: «Wenye diploma wamejaa bila kazi, mtoto wa mfanya kazi ajifunze ufundi.» Tunaheshimu ufundi. Ila tunamwuliza bwana huyu: mtoto wako anasoma wapi? Mara nyingi jibu ni Ulaya, au Afrika ya Kusini. Basi ufundi ni mzuri kwa mtoto wa mwingine tu! Katika migodi yetu wahandisi na wapimaji wa mawe bado wanaletwa kwa ndege, na sisi tunawafungulia mlango wa gari. Kazi ipo. Wanaokosekana ni watu wetu waliofundishwa vizuri, katika laboratwari yenye vyombo.

Wa tatu ana neno la maana zaidi. Anasema: «Mkishusha ada kwa wote, mtamsaidia tajiri, kwa maana maskini ni wachache wanaofika universite.» Hili tunalipokea. Kwa sababu hiyo tunataka mambo mawili pamoja: ada ndogo kwa wote, na bursi ya kula na kulala kwa mtoto ambaye nyumbani hakuna kitu. Ada ikiwa ndogo na njaa ikiwa kubwa, maskini atatoka vilevile.

Wa nne anasema: «Wapewe mkopo.» Tanzania iliweka bodi ya mikopo ya wanafunzi kwa sheria ya mwaka 2004, Zambia iliweka yake kwa sheria ya mwaka 2016. Mkopo ni afadhali kuliko mlango uliofungwa. Lakini mkopo kwa mtu asiyepata kazi ni kamba shingoni. Ukiwekwa hapa kwetu, sharti urudishwe na mwenye mshahara tu, kidogo kidogo, wala shamba la baba lisishikwe.

Na tukitaja Zambia, tukumbuke jambo moja. Walipata uhuru mwaka 1964, na universite yao ya Lusaka ilifunguliwa mwaka 1966. Watu wenyewe walichanga. Wakulima walileta mahindi na kuku. Hawakuwa na utajiri kutushinda. Walikubali tu kwamba universite ni ya wote, na kila mtu aliona mkono wake ndani ya matofali yale.

SISI NASI TUNA KOSA

Tusiwaseme wakubwa peke yao. Sisi wazazi tunanunua pointi kwa pesa, kisha tunalalamika kwamba universite imeoza. Tunalipa pasipo kudai risiti. Mji unapokea redevansi, na ni wangapi kati yetu waliokwisha kwenda kuuliza imefanya nini? Kwa mazishi tunajua kuchanga na kukaa usiku kucha. Kwa mkutano wa wazazi tunasema tumechoka na kazi. Anayenyamaza akiibiwa anamfundisha mwizi njia ya nyumba.

TUNATAKA NINI

1. Ada ya universite za Serikali itajwe kwa franka, iwe moja, ibandikwe ukutani kabla mwaka haujaanza, wala isiongezwe katikati. Pesa ya enroleman na silabusi ya lazima ziondolewe.

2. Serikali iwalipe walimu wa universite mshahara unaotosha, kwa wakati wake, ili wasiishi kwa mfuko wa mwanafunzi.

3. Katika redevansi ya majimbo na ya miji ya migodi, sehemu moja ya kumi iwekwe pembeni kwa ajili ya masomo ya juu, na Kinshasa itoe yake vilevile.

4. Bursi irudi, itolewe kwa mtoto wa maskini aliyefaulu, na nusu yake iwe ya mabinti.

5. Hesabu ya fedha hii isomwe mbele ya watu mara mbili kwa mwaka, kwa lugha tunayoisikia, wajumbe wa wafanya kazi, wazazi na wanafunzi wakiwapo.

Mambo haya matano hayahitaji muujiza. Yanahitaji kalamu, hesabu, na watu wasiosinzia.

Ndugu, kidole kimoja hakivunji chawa. Somea gazeti hili yule asiyejua kusoma. Lipeleke kazini, lizungumzieni wakati wa kula. Jumapili baada ya misa au ibada, wazazi wa kila kartie wakutane, waandike majina ya watoto waliopata diploma ya Leta na wanaokaa nyumbani kwa kukosa ada. Majina yao, miaka yao, na masomo waliyotaka kusoma. Hatutaki maneno ya hasira, tunataka orodha. Orodha ile tutaipeleka mbele ya wakubwa wa mji na wa jimbo, na tutaiweka mezani karibu na orodha yetu ya malori.

Hapo tutawaambia: «Mabwana, hizi ni hesabu mbili za nchi moja. Zisomeni pamoja.»

Uhuru udumu, na masomo yawe ya wote.

Makarani wa migodi